Kati ya Maziwa Mawili: Mkoa wa Simiyu na Makao Yake Bariadi

Mkoa wa Simiyu umelala kati ya maziwa mawili yasiyofanana. Upande wa kaskazini-magharibi, wilayani Busega, unagusa Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria, penye maji baridi, dagaa na sangara. Upande wa kusini-mashariki, wilayani Meatu, nchi inateremka kuelekea Ziwa Eyasi, ziwa la magadi lisilotoa mto hata mmoja, ambalo kiangazi kikiwa kikali hubaki uwanja wa tope na chumvi. Baina ya maziwa hayo kuna ardhi ya kilomita za mraba 25,000 hivi: tambarare ndefu, vilima vya miamba ya itale, mabonde ya udongo mweusi na mito inayotiririka miezi michache kwa mwaka. Mvua hupungua kadiri mtu anavyoliacha Ziwa Victoria nyuma yake, na kwa upungufu huo peke yake mambo mengi ya mkoa yanaelezeka: mahali watu waliposongamana, mahali ng'ombe walipo wengi kuliko mashamba, na mahali ambapo tembo bado ana nafasi ya kupita.

Kiutawala mkoa huu ni mchanga. Ulianzishwa Machi 2012, pamoja na Geita, Katavi na Njombe. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa wilaya za Mkoa wa Shinyanga. Busega ilimegwa kutoka Magu katika Mkoa wa Mwanza, na Itilima ikatolewa Bariadi. Leo kuna wilaya 5 lakini halmashauri 6, kwa kuwa Bariadi ina mbili, ya Mji na ya Wilaya, na hiyo ya pili makao yake yako Dutwa. Makao ya Maswa ni Nyalikungu, mji ambao wengi huuita Maswa tu. Ya Meatu ni Mwanhuzi, ya Itilima ni Lagangabilili, na ya Busega ni Nyashimo. Mkoa unapakana na Mara kaskazini, Mwanza magharibi, Shinyanga kusini-magharibi, Singida kusini na Arusha mashariki. Jina la mkoa limetokana na Mto Simiyu.

Bariadi ni makao makuu kwa uamuzi wa serikali zaidi kuliko kwa maumbile ya nchi. Makao ya mikoa mingi ya Tanzania yalikua juu ya kitu kilichokuwapo tayari: bandari, stesheni ya reli, njia panda ya misafara. Bariadi haikuwa na chochote cha namna hiyo. Mito ya mkoa inaupita mji na kwenda kwingine. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ilipita pembeni kabisa mwa nchi hii na kuiachia stesheni moja tu yenye maana, Malampaka, wilayani Maswa. Pamba ilikuwa ikienda Mwanza, ng'ombe wakienda minada ya Shinyanga, na mashauri makubwa ya serikali yakienda huko huko Shinyanga. Hata katika historia ya utawala Bariadi si mkubwa wa nyumba: wakati wa ukoloni wilaya ilikuwa Maswa, nayo Bariadi na Meatu zilikuwa ndani yake. Kwa hiyo mkoa ulipozaliwa, ulipata mji mkuu ambao barabara, ofisi na biashara zake ilibidi zivutwe kwa makusudi kuuelekea.

Ardhi yenyewe ni sehemu ya uwanda wa juu ulioko kusini mwa Ziwa Victoria. Uso wa ziwa hilo uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na uso wa Eyasi uko mita 1,030 hivi, ndani ya tawi la Bonde la Ufa. Sehemu kubwa ya mkoa humwaga maji yake upande wa Victoria, na kwa hiyo ni sehemu ya bonde la Nile. Mto Simiyu na mwenzake mkubwa Duma huanzia upande wa nyika za Serengeti, hukata Bariadi, Itilima na Maswa, kisha huingia ziwani upande wa Magu. Kusini mwa Meatu mambo hugeuka: maji hufuata njia ya Mto Semu na Mto Sibiti, unaounganisha Ziwa Kitangiri na Eyasi, na hayafiki baharini kamwe. Daraja la Sibiti, linalopeleka watu wa Meatu upande wa Mkalama mkoani Singida, limejengwa juu ya mto huo.

Mito hiyo, ya pande zote mbili, ni ya msimu. Machi inaweza kubeba gari. Agosti ni mchanga mtupu, na wanawake huchimba mashimo katika mchanga huo wapate maji ya ndoo moja moja. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kumalizika Mei, ikikatizwa na kipindi kikavu cha Januari na Februari ambacho mkulima hukiogopa kuliko kiangazi chenyewe, kwa sababu humkuta na mazao yakiwa shambani. Maeneo ya Busega hupata mvua inayotosha mahindi katika miaka ya kawaida. Mwanhuzi na vijiji vilivyo kusini yake hutegemea mtama, na katika miaka mibaya hutegemea kuuza mifugo ili kununua chakula.

Udongo hubadilika kutoka kilimani hadi bondeni kwa mpangilio ambao wakulima wa Kisukuma waliujua na kuupa majina zamani kabla wataalamu wa udongo hawajafika. Juu, karibu na miamba, kuna mchanga mwepesi uitwao luseni, unaolimika hata kwa jembe la mkono na kufaa viazi vitamu, karanga na mihogo. Chini yake kuna ibambasi, ardhi ngumu yenye tabaka lisilopitisha maji, ambayo ukiichimbia matuta inafaa mpunga. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha mbuga hunata miguuni hata mtu akashindwa kuinua kandambili zake. Jua likiwaka hupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama unaweza kuingia. Udongo huo ni mzito kulima lakini una rutuba na hushika unyevu muda mrefu, na ndio uliowapa watu wa Bariadi na Maswa zao lao la pili la biashara, dengu. Dengu hupandwa mvua zikiwa zinaisha, mwezi Machi au Aprili, na hukua kwa unyevu uliobaki ardhini bila tone jingine.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa huu. Ile ya 2022 ilihesabu 2,140,497. Ongezeko hilo ni la takriban asilimia 3 kwa mwaka, na msongamano wa watu umefikia kati ya 85 na 90 kwa kilomita ya mraba, ingawa wastani huo hauna maana sana mahali ambapo sehemu nzima ya mashariki ni hifadhi. Kaya za Simiyu ni kubwa. Mwaka 2012 zilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa nchini, karibu watu 7 kwa kaya. Anayeshangaa ukubwa huo aangalie kazi za shamba la pamba na zizi la ng'ombe. Palizi, kunyunyizia dawa, kuchuma, kuchunga na kuteka maji hugawanywa kwa mikono ya nyumbani, na nyumba yenye mikono michache hubaki na shamba dogo.

Wakazi walio wengi ni Wasukuma. Wa upande wa Bariadi hujulikana kama Wanyantuzu, kwa jina la utemi wa Ntuzu. Kabla ya serikali ya Tanganyika kufuta mamlaka ya watemi mwaka 1963, nchi hii iligawanyika katika temi kadhaa, zikiwamo Ntuzu, Itilima, Kanadi, Mwagala na Meatu, na majina hayo yamebaki katika wilaya, tarafa na kata za leo. Kusini na mashariki mwa Meatu wapo Wataturu, wafugaji wa asili ya Kinailoti, pamoja na Wanyiramba na Wanyisanzu waliovuka kutoka Singida. Upande wa Eyasi wapo Wahadzabe wachache, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Lugha yao haina udugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote.

Ngoma za Kisukuma zina mashindano ya kudumu kati ya makundi mawili, Bagika na Bagalu, ambayo asili yake hupelekwa kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Mashindano hufanyika baada ya mavuno, wakati watu wana nafasi na fedha ya pamba imeingia. Kila upande hutafuta mbinu ya kuvuta watazamaji, na upande wenye umati mkubwa ndio unaoshinda. Wachezaji wa nyoka na wa fisi wanaoonekana kwenye sherehe za kitaifa wametoka katika utamaduni huu.

Mkoa huu pia umebebeshwa sifa usiyoiomba. Kijiji cha Gamboshi, katika Wilaya ya Bariadi, kinatajwa Tanzania nzima kama makao ya wachawi, na zipo hadithi za taa za mji zinazoonekana usiku na kutoweka asubuhi. Wanaokwenda huko hukuta kijiji cha wakulima wa pamba chenye shida zile zile za barabara na maji. Simulizi za Gamboshi ni za kuchekesha tu mpaka zinapokutana na jambo lisilochekesha. Usukumani kwa jumla, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu. Wekundu huo mara nyingi ni wa moshi: mahali ambapo miti imekwisha, mwanamke hupikia samadi kavu na mabua kwa miaka mingi, ndani ya jiko lisilo na dirisha.

Miti kutoweka kuna historia yake, na historia hiyo inaanza na ng'ombe. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka iliua mifugo ya Afrika Mashariki kwa wingi usiowahi kuonekana. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyepita Ntuzu na Meatu mwaka 1892, alipita katika nchi iliyokuwa bado na jeraha hilo. Malisho yasipoliwa hugeuka vichaka, na vichaka vilileta mbung'o. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulizuka katika eneo la Maswa. Serikali ya Waingereza, ikiongozwa katika jambo hili na mtaalamu wa wadudu Charles Swynnerton, iliona dawa ni kufyeka. Watemi walitoa watu, na kwa miaka mingi maelfu ya wanaume walikata msitu ili kumnyima mbung'o kivuli. Kazi ilifanikiwa: mbung'o alirudi nyuma mashariki, watu na ng'ombe wakafuata. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma wa 1947 hadi 1956 uliendeleza uhamiaji huo kwa kuchimba mabwawa na kufungua maeneo mapya, huku ukiwalazimisha wafugaji kupunguza mifugo, jambo lililozaa chuki kuliko mazao. Kisha Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ikakusanya kaya zilizokuwa zimetawanyika, na ardhi iliyozunguka vijiji ikachoka haraka.

Pamba ndiyo iliyojaza nafasi hiyo iliyofyekwa. Ilianza kulimwa kusini mwa ziwa wakati wa Wajerumani, ikakua chini ya Waingereza kwa msaada wa kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, ambacho mbegu zake hadi leo hubeba herufi UK. Miaka ya 1950 wakulima waliochoka na mizani ya wanunuzi waliunda vyama vyao wenyewe, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wake mkuu. Kufikia mwisho wa muongo huo ushirika ulikuwa unanunua karibu pamba yote ya kanda. Ushirika ulivunjwa na serikali mwaka 1976, ukarudishwa miaka ya 1980, na soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994. Sasa mkulima huuza kupitia chama cha msingi, AMCOS, ambacho humkusanyia mnunuzi mwenye leseni ya Bodi ya Pamba. Simiyu hutoa karibu nusu ya pamba ya Tanzania, na katika baadhi ya misimu zaidi ya nusu.

Mwaka wa pamba huanza katikati ya Novemba. Shamba hulimwa kwa plau inayokokotwa na ng'ombe wawili au wanne, kijana mmoja mbele akiwaongoza na mwingine nyuma ameshika mikono ya plau. Mbegu hupandwa kabla ya katikati ya Desemba; atakayechelewa atamkuta funza wa vitumba amejaa. Kwa miaka mingi mbegu na dawa zilitolewa kwa mkopo kupitia Mfuko wa Kuendeleza Zao la Pamba. Dawa huja katika vifungashio vya ekari moja viitwavyo ekapaki, na malalamiko ya kila msimu ni kwamba ekapaki zimechelewa au hazitoshi, na mnyunyizo mmoja ukikosekana wakati wa vitumba kuchanua mavuno yanaweza kushuka kwa nusu. Uchumaji huanza Mei. Baada ya mavuno sheria inataka masalia yote yang'olewe na kuchomwa, ili wadudu wasipate pa kujificha hadi msimu ujao. Wengi huyang'oa, lakini mabua mengi hayachomwi shambani: huishia jikoni.

Kazi inayoamua bei hufanywa uani. Pamba iliyochumwa humwagwa juu ya mkeka au turubai, na wanawake na watoto huketi kuizunguka wakichambua kwa vidole: nyeupe iliyochanua vizuri upande mmoja, iliyoliwa na wadudu, yenye madoa ya njano au iliyoshika majani makavu upande mwingine. Ile ya kwanza ni daraja A, pamba safi. Ya pili huitwa pamba fifi, na bei yake ni ndogo mno kiasi kwamba wengine huona afadhali kuichanganya na ile safi na kumwombea karani asiangalie chini ya gunia. Udanganyifu una pande mbili. Wapo wanaonyunyizia maji au kutia mchanga ili kuongeza uzito, na wapo makarani wanaochezea mizani. Kila upande huutaja wa pili kuwa ndio ulioanza.

Pamba mbegu ikifika kiwandani hutenganishwa. Theluthi moja hivi ya uzito wake ni pamba nyuzi, inayofungwa marobota na kusafirishwa. Inayobaki ni mbegu, inayokamuliwa mafuta ya kula, na mashudu yake huliwa na ng'ombe. Viwanda vya kuchambua pamba viko Malampaka, Luguru, Kasoli na kwingineko mkoani, lakini hufanya kazi miezi michache tu kwa mwaka. Nyuzi zenyewe haziwi kitambaa hapa. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje, zaidi Asia, na ndiyo sababu bei ya pale uani Itilima hutikiswa na maghala ya Bangladesh na Vietnam. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo wakati soko la dunia limeshuka. Wanunuzi wengi walikosa mitaji, wakulima wakatoa pamba kwa ahadi, na wapo waliosubiri fedha yao kwa miezi. Mwaka 2022 bei ilifika 1,560. Mwaka uliofuata ikarudi 1,060. Mzazi aliyemwahidi mtoto ada kwa bei ya 2022 alilazimika kuilipa kwa bei ya 2023.

Kuna njia nyingine iliyojaribiwa Meatu tangu 1994, ambako kampuni ya bioRe, yenye asili ya Uswisi, hununua kwa mkataba pamba iliyolimwa bila mbolea za chumvichumvi wala sumu za viwandani. Katika mashamba hayo alizeti hupandwa ili kuwavuta funza wasiishambulie pamba, na mkulima hupata nyongeza juu ya bei ya soko. Ukame wa Meatu, ambao ni balaa kwa mambo mengine, hapa una faida yake: wadudu ni wachache kuliko kandokando ya ziwa.

Chakula cha mkoa ni mahindi, mtama, mpunga na viazi vitamu. Mpunga hulimwa katika majaluba, vijaruba vilivyozungushiwa kingo za udongo ili kunasa maji yatokayo mlimani. Viazi ndivyo vinavyoifikisha kaya Novemba. Huvunwa, hukatwa vipande na kuanikwa juu ya miamba. Vikianikwa vibichi huwa michembe, vikichemshwa kwanza huwa matobolwa. Michembe iliyokauka vizuri hukaa ghalani miezi mingi, hupikwa na karanga au hutafunwa na chai, na shambani wakati wa palizi ndiyo chakula cha mchana. Dengu na choroko hazipikwi sana nyumbani. Huuzwa, na wanunuzi wake wakubwa ni soko la India na wafanyabiashara wanaolilisha. Katika miaka ya 2020 serikali iliziingiza katika mfumo wa stakabadhi ghalani na minada ya Soko la Bidhaa Tanzania, na mjadala haujaisha: bei ya mnada mara nyingi ni nzuri zaidi, lakini mkulima aliyezoea kupewa fedha mkononi pale pale hana subira ya siku za benki, hasa akiwa na mgonjwa.

Ng'ombe ni benki nyingine, ya zamani zaidi. Hulipa mahari, hulima, hutoa samadi na maziwa, na huuzwa mnadani mahindi yakipotea. Kinachowashinda ni malisho ya Septemba na Oktoba. Wasukuma walikuwa na dawa yake, ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zikianza, ikaachwa nyasi zisimame na kukauka, kisha ikafunguliwa kiangazi kwa ndama, wagonjwa na ng'ombe wa plau. Desturi hiyo ilikuwa imedhoofika sana baada ya Operesheni Vijiji. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 na kumalizika 2004, uliifufua katika Shinyanga yote ya wakati ule, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwamo, na mamia ya maelfu ya hekta zikarudisha miti na nyasi. Siri ya mafanikio ilikuwa ndogo: badala ya kuleta miche ya kigeni, mradi uliwaachia watu ngitili zao na kuzitambua kisheria kijijini.

Hata hivyo ng'ombe walizidi ardhi, na kwa zaidi ya miaka 40 Wasukuma wa Maswa, Bariadi na Meatu wamekuwa wakihama na mifugo yao kuelekea kusini: Usangu, Rukwa, Katavi, bonde la Kilombero, hadi Lindi. Huko wamelima mpunga na baadhi wametajirika, na wamegombana na wakulima wengine. Serikali iliwaondoa wafugaji wengi katika ardhi oevu ya Ihefu, huko Usangu, mwaka 2006. Simiyu kwa namna hiyo husafirisha watu na ng'ombe pamoja na pamba, ingawa takwimu za biashara hazioni jambo hilo.

Mashariki mwa mkoa ni nchi ya wanyama. Sehemu ya mfumo wa Serengeti imo humu, likiwamo Pori la Akiba Maswa, lililotangazwa 1962 na ambalo mipaka yake imesogezwa zaidi ya mara moja kadiri mashamba yalivyolikaribia. Busega kuna pori dogo la Kijereshi. Meatu, vijiji vinavyounda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Makao hupata gawio kutokana na uwindaji wa kitalii. Mapato hayo ni ya kweli, na uharibifu wa tembo pia ni wa kweli: kundi moja huweza kumaliza ekari kadhaa za mahindi usiku mmoja, na kifuta jasho cha serikali hulipwa baada ya fomu nyingi na muda mrefu. Mji wa Lamadi, karibu na lango la Ndabaka, una hoteli za wageni wanaoingia Serengeti kutoka upande wa ziwa, lakini watalii wengi bado huingia kwa njia ya Arusha na hawajui kama wamekanyaga Simiyu.

Madini yapo, nikeli ya Dutwa na Ngasamo ikiwa ndiyo iliyochunguzwa zaidi, ila hayajawa nguzo ya uchumi. Viwanda vidogo vilipewa msukumo kati ya 2016 na 2021, Anthony Mtaka alipokuwa Mkuu wa Mkoa, kwa wito wa kila wilaya kuwa na bidhaa yake. Maswa ilipata kiwanda cha chaki kilichoanzishwa na kikundi cha vijana, na Meatu kiwanda cha kusindika maziwa. Chaki ilikuwa chaguo la busara, kwa kuwa mteja wake, shule, yupo kila kijiji. Uwanja wa Nyakabindi, nje ya mji wa Bariadi, ulijengwa ukapokea maonyesho ya Nanenane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, na kwa siku hizo nyumba za wageni za mji zilijaa. Hospitali ya rufaa ya mkoa imejengwa Nyaumata, na hivyo kupunguza safari za wagonjwa waliokuwa wakipelekwa Shinyanga au hospitali ya Bugando, Mwanza.

Kilichobadilisha maisha ya mji kuliko vyote ni lami. Barabara ya Lamadi–Bariadi yenye kilomita 71.8, ya Bariadi–Maswa kilomita 49.7, na ya Maswa–Mwigumbi kilomita 50.3 zimeunganisha barabara kuu ya Mwanza–Musoma na ile ya Shinyanga–Mwanza, na Bariadi ikajikuta katikati ya njia. Mabasi yanayotoka Musoma kwenda kusini hukata hapa bila kupita Mwanza. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, inapita Malampaka tena, pale pale ilipopita ile ya kwanza. Marobota ya Maswa yatapakiwa karibu. Ya Meatu bado yanahitaji kwanza kufika Maswa kwa barabara ya vumbi.

Maji ndiyo deni kubwa lililobaki. Miji ya mkoa imetegemea visima na mabwawa, kama lile la Zanzui linaloihudumia Maswa, na bwawa hukauka mwaka wa ukame, yaani mwaka ule ule linapohitajiwa. Mwaka 2017 Mfuko wa Tabianchi wa Kijani uliidhinisha mradi wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya zote 5, kwa ushirikiano na Benki ya Maendeleo ya Ujerumani, KfW, na serikali ya Tanzania. Bomba linafuata mteremko ule ule wa mvua: awamu ya kwanza imeelekezwa Busega, Bariadi na Itilima, na awamu ya pili ndiyo ya Maswa na Meatu.